Utambuzi wa balbu za zamani zisizo na alama

Utambuzi wa balbu za zamani ni kazi ya kujua aina, umri, nchi ya asili na volti ya balbu ya umeme (pia: globu) ambayo haina jina la kiwanda wala namba yoyote juu yake. Kazi hii hufanywa na watunzaji wa makumbusho, wakusanyaji wa vitu vya kale, mafundi wanaokarabati majengo ya zamani, na pia watu wa kawaida waliokuta balbu ngeni kwao ndani ya sanduku au darini. Makala hii inahusu balbu za uzi, yaani zile zinazotoa nuru kwa sababu uzi mwembamba ndani ya kioo hupashwa moto na umeme mpaka ukang'aa.

Balbu ya namna hii hutambuliwa kwa kuangalia uzi wake, chupa ya kioo, waya zinazopita katika kioo, kitako na madoa yaliyobaki ndani. Kila sehemu ilibadilika kwa wakati wake katika historia ya taa za umeme. Kwa hiyo kuna kanuni kuu moja: balbu haiwezi kuwa ya kale kuliko sehemu yake iliyo mpya zaidi. Kanuni ya pili ni ya tahadhari: balbu isiyojulikana haiwashwi kabla ya kukadiria volti yake. Balbu iliyodumu miaka mia moja inaweza kuungua kwa sekunde moja, na uzi ukishakatika ushahidi mwingi umepotea.

Sababu za kukosa alama

Balbu nyingi zisizo na alama leo hazikutoka kiwandani zikiwa hivyo. Viwanda vya mwanzo vilibandika lebo ndogo ya karatasi kwenye kioo, na juu yake ziliandikwa volti na nguvu ya mwanga. Lebo hizo ziliungua kwa joto, zikakauka na kubanduka, au zililiwa na wadudu. Baadaye alama zilipigwa kwa muhuri wa wino au kuchorwa kwa asidi juu ya kioo. Muhuri wa wino hufutika kwa urahisi, hasa balbu inapopanguswa kwa kitambaa chenye maji au sabuni.

Kwa sababu hiyo balbu iliyopatikana haioshwi kabla ya kuchunguzwa. Kwanza huangaliwa kwa lenzi ya kukuza, huku taa ikimulika kutoka upande mmoja. Kisha kioo hupuliziwa pumzi taratibu. Ukungu wa pumzi haushiki sawasawa mahali palipowahi kuwa na wino au asidi, na maandishi yasiyoonekana kwa macho yanaweza kujitokeza kwa muda mfupi. Hutazamwa pia sehemu ya chuma ya kitako, kwa sababu viwanda vingine viligonga alama yao hapo.

Uzi

Uzi, au filamenti, ndiyo sehemu inayoeleza mengi zaidi.

Balbu za kwanza zilizofaa kwa matumizi ya nyumbani zilikuwa na uzi wa kaboni. Joseph Swan nchini Uingereza na Thomas Edison nchini Marekani walionyesha balbu za namna hiyo mwaka 1879, na Edison alipewa hataza yake ya Marekani Januari 1880. Uzi wa Edison ulitengenezwa kwanza kwa nyuzi za pamba na karatasi zilizochomwa hadi kuwa kaboni, kisha kwa mianzi. Baadaye viwanda vilianza kutumia selulosi iliyoyeyushwa na kusukumwa kupitia tundu dogo, njia iliyotoa uzi laini wenye unene sawa kote.

Uzi wa kaboni ni mweusi au wa kijivu usiong'aa, na huonekana mnene kuliko uzi wa balbu za baadaye. Umbo lake ni kama herufi U iliyopinduliwa, au kitanzi kimoja au viwili. Balbu ikitikiswa kidogo sana, kitanzi hutetemeka kama springi. Uzi wa mwanzi mara nyingi una pembe kidogo na si wa mviringo kamili. Mwaka 1905 kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza kuuza balbu zenye kaboni iliyopashwa joto kali sana hadi ikawa na tabia za metali; kwa macho ni vigumu kuzitofautisha na kaboni ya kawaida.

Nyuzi za metali zilifuata mwanzoni mwa karne ya 20. Carl Auer von Welsbach wa Austria alitumia osmi, na kampuni ya Siemens & Halske ya Ujerumani ilitumia tantali kuanzia mwaka 1905. Metali iliyoshinda zote ni wolframi, inayojulikana pia kama tungsteni. Sándor Just na Franjo Hanaman walipata hataza ya uzi wa tungsteni mwaka 1904, lakini uzi huo ulitengenezwa kwa unga ulioshikamanishwa na ulivunjika upesi. Mnamo 1910 William Coolidge wa General Electric alifaulu kuivuta tungsteni iwe waya.

Tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Uzi wa tungsteni ya unga uliundwa kwa vipande kadhaa vyenye umbo la U, vilivyounganishwa kimoja baada ya kingine. Tungsteni ya kuvutwa ni waya mmoja usiokatika, unaopanda na kushuka kuzunguka kijiti cha kioo chenye kulabu ndogo juu na chini, mpaka unaonekana kama kizimba. Uzi wa namna hii ni mwembamba sana na hung'aa kidogo.

Mwaka 1913 Irving Langmuir alionyesha kwamba uzi uliosokotwa kama springi, ndani ya balbu iliyojazwa gesi, hutoa mwanga mwingi zaidi kwa umeme uleule. Gesi iliyotumika kwanza ilikuwa nitrojeni, na baadaye arigoni iliyochanganywa na nitrojeni. Kwa hiyo balbu yenye springi fupi ya tungsteni haiwezi kuwa imetengenezwa kabla ya hapo. Katika miaka ya 1930 ilikuja springi iliyosokotwa tena kuwa springi kubwa zaidi. Kwa lenzi ya kukuza inaonekana wazi kwamba mzunguko mkubwa umeundwa kwa mizunguko midogo.

Kaboni peke yake haithibitishi kwamba balbu ni ya karne ya 19. Balbu za kaboni ziliendelea kutengenezwa kwa kazi maalumu kwa miaka mingi baada ya tungsteni kuenea.

Chupa ya kioo

Ili uzi usiungue, hewa ilipaswa kuondolewa ndani ya balbu. Viwanda viliunganisha mrija mwembamba kwenye chupa, vikafyonza hewa kwa pampu, kisha vikauyeyusha mrija na kuufunga. Katika balbu nyingi za mwanzo mrija huo ulikuwa juu ya chupa, na ulipofungwa uliacha ncha kali ya kioo. Kuanzia mwaka 1919 hivi viwanda vya Marekani vilihamishia mrija chini, ndani ya kitako, na katika miaka ya 1920 balbu zisizo na ncha zikawa za kawaida. Ulaya ilifuata, ingawa si viwanda vyote kwa wakati mmoja.

Hivyo ncha juu ya kioo ni dalili ya balbu iliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1920. Hata hivyo dalili hii haitoshi peke yake, kwa kuwa balbu chache zisizo na ncha zilitengenezwa mapema, na balbu ndogo za kazi maalumu ziliendelea kuwa na ncha baadaye.

Kioo chenye ukungu nacho kina historia yake. Zamani ukungu uliwekwa upande wa nje, na ukiguswa kwa kidole huhisiwa mkwaruzo. Mwaka 1925 Marvin Pipkin wa General Electric alipata njia nzuri ya kuuweka upande wa ndani bila kukidhoofisha kioo. Balbu ambayo ni laini nje lakini ina ukungu ndani ni ya kipindi hicho au baada yake.

Waya zinazopita katika kioo

Umeme huingia kwa waya mbili zilizobanwa ndani ya kioo kilichoyeyushwa. Waya hizo lazima zitanuke kwa joto kwa kiasi sawa na kioo, la sivyo kioo hupasuka na hewa huingia. Katika balbu za mwanzo platini ilitumika kwa kazi hii, ingawa ni metali ya bei kubwa. Katika miaka ya 1910 nafasi yake ilichukuliwa na waya wa chuma na nikeli uliofunikwa kwa shaba.

Mahali pa kutazama ni pale ambapo kioo kimebanwa bapa chini ya uzi. Platini huonekana ya kijivu cheupe kama fedha. Waya uliofunikwa kwa shaba huonekana mwekundu ndani ya kioo. Dalili hii ni ndogo lakini ina thamani kubwa, kwa sababu hakuna anayeweza kuibadilisha bila kuivunja balbu.

Kitako

Kitako huonyesha zaidi nchi na mfumo wa umeme kuliko mwaka. Balbu za mwanzo za Swan hazikuwa na kitako cha chuma kabisa. Zilikuwa na vitanzi viwili vya waya vilivyoning'inizwa kwenye kulabu za holda. Edison alichagua skrubu. Skrubu zake za kwanza zilikuwa na mbao, kisha plasta kwa takriban miaka ishirini, halafu kauri, na mwishowe kioo, kama kizuizi kati ya sehemu mbili za metali. Kabla ya mwaka 1900 hivi makampuni mengine ya Marekani, kama Thomson-Houston, yalikuwa na vitako vyao tofauti, na kulikuwa na vipande vya kuunganishia kitako cha kampuni moja kwenye holda ya nyingine.

Nchini Uingereza na katika nchi nyingi zilizotawaliwa nayo kulienea kitako cha pini, ambacho husukumwa ndani na kuzungushwa kidogo. Kipenyo chake cha kawaida ni milimita 22. Skrubu ya kawaida ya Ulaya ina milimita 27, na ya Marekani milimita 26. Katika Afrika ya Mashariki aina zote mbili, pini na skrubu, zinatumika hadi leo.

Kitako kina udhaifu mmoja kama ushahidi: kinaweza kubadilishwa. Kitako kilicholegea kiliweza kubandikwa upya au kuwekewa kingine. Ikiwa kitako na uzi vinatoa tarehe zinazopingana, saruji inayoshikilia kitako huchunguzwa kama ni ya asili.

Madoa ndani ya kioo

Balbu iliyotumika muda mrefu hupata giza kwa ndani, kwa sababu chembe za uzi hutoka na kuganda kwenye kioo. Kaboni huacha doa la kahawia au jeusi. Tungsteni huacha doa la kijivu, wakati mwingine lenye mng'ao kama kioo cha kujitazamia. Ndani ya ombwe chembe husambaa pande zote. Ndani ya gesi chembe hubebwa na gesi ya moto inayopanda, na doa hukusanyika mahali palipokuwa juu. Hivyo doa la balbu ya gesi huonyesha pia kama ilining'inizwa kichwa chini au ilisimamishwa.

Kukadiria volti

Kujua volti ni jambo la lazima kwa anayetaka kuiona balbu ikiwaka. Mtandao wa kwanza wa Edison mjini New York, uliofunguliwa mwaka 1882, ulitumia takriban volti 110, na Marekani imebaki karibu na kiwango hicho. Uingereza ya zamani ilikuwa na volti tofauti kutoka mji hadi mji, kuanzia takriban 100 hadi 250. Tanzania hutumia volti 230 na Kenya 240.

Hatari kubwa inatokana na skrubu. Balbu ya Marekani yenye skrubu ya milimita 26 huingia bila shida katika holda ya milimita 27. Balbu ya volti 110 ikipewa volti 230 hupata zaidi ya mara mbili ya volti yake. Kwa kuwa nguvu hukua kwa kipeo cha pili cha volti, uzi ungepokea zaidi ya mara nne ya nguvu iliyokusudiwa kama ukinzani wake ungebaki vilevile. Kwa kaboni hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ukinzani wake hupungua inapopata joto na mkondo huongezeka.

Umbo la uzi hutoa kidokezo cha kwanza. Uzi mrefu na mwembamba ni wa volti kubwa. Uzi mfupi na mnene ni wa volti ndogo, kama balbu za magari za volti 6, 12 au 24. Zipo pia balbu za taa za barabarani za Marekani zilizounganishwa kwa mfululizo. Hizo zilipimwa kwa mkondo, kwa mfano ampea 6.6, na hazifai kuunganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumbani.

Kidokezo cha pili hupatikana kwa multimita, kifaa kinachopima ukinzani kwa umeme kidogo wa betri. Kwanza huonyesha kama uzi ni mzima. Pili, husaidia kukadiria, mradi aina ya uzi inajulikana. Balbu ya tungsteni ya volti 230 na wati 60 ina ukinzani wa omu 880 hivi inapowaka, lakini ikiwa baridi ni kama moja ya kumi na tatu tu ya hapo, yaani chini ya omu 70. Kaboni ni kinyume: ikiwa baridi ukinzani wake ni karibu mara mbili ya ukinzani wa kuwaka. Balbu ya kaboni ya volti 110 yenye nguvu ya mishumaa 16, iliyokuwa ya kawaida sana Marekani, hutumia takriban wati 50. Ukinzani wake ukiwaka ni omu 240 hivi, na ukiwa baridi hukaribia mara mbili ya hapo. Mtu asiyejua tofauti hii anaweza kuipima balbu ya kaboni na kuipa volti isiyo yake kabisa.

Kuwasha kwa tahadhari

Balbu ya thamani ya kihistoria ni bora isiwashwe. Ikilazimu, kazi hiyo ni ya fundi umeme. Hutumika transfoma inayoweza kuongeza volti kidogo kidogo kutoka sifuri. Uzi huachwa uanze na wekundu hafifu, kisha huishia kwenye mwanga wa rangi ya chungwa, chini ya ung'avu wake wa kawaida. Volti ikipunguzwa kwa asilimia 5 tu, maisha ya uzi huongezeka karibu mara mbili. Ikiongezwa kwa kiasi hicho, hupungua kwa karibu nusu.

Balbu za ombwe zinaweza kulipuka kuelekea ndani na kurusha vipande vya kioo, hivyo macho hukingwa. Saruji ya kitako cha zamani mara nyingi imekufa: mtu akishika kioo na kuzungusha, kioo huzunguka peke yake na kukata waya. Wakati wa kutoa balbu kwenye holda ya zamani, swichi kuu huzimwa kwanza, ndipo kitako chenyewe hushikwa na kuzungushwa.

Mfano: balbu ya Livermore

Mfano maarufu wa utambuzi ni balbu ya kituo cha zimamoto mjini Livermore, jimbo la California, Marekani. Inahesabiwa kuwa imewaka tangu mwaka 1901, ingawa haikuwaka bila kukatizwa hata mara moja. Historia yake ilikuwa karibu kusahauliwa mpaka mwandishi wa habari Mike Dunstan alipoifuatilia mwaka 1972 kwa kuwahoji wakazi wa muda mrefu. Ilibainika kwamba ilitolewa kwa kikosi cha zimamoto na Dennis Bernal, mwenye kampuni ya umeme na maji ya mji huo.

Balbu hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Shelby Electric ya jimbo la Ohio, kwa mpango wa Adolphe Chaillet. Uzi wake ni wa kaboni. Haiwezi kuzimwa na kushushwa ili ipimwe, kwa hiyo mtaalamu wa fizikia Debora Katz alichunguza balbu nyingine za kampuni hiyohiyo za miaka ileile. Aligundua kwamba uzi wao ni mnene takriban mara nane kuliko uzi wa balbu za kisasa. Leo balbu ya Livermore hutumia wati 4 hivi tu, na mwanga wake ni hafifu. Ilipohamishiwa kituo kipya mwaka 1976 waya wake ulikatwa badala ya kuizungusha balbu, kwa kuhofia kuivunja, na ilikaa gizani dakika 22.

Mfano huu unaonyesha kwamba ushahidi hautoki kwenye kioo peke yake. Kumbukumbu za watu, jengo ilimopatikana balbu, na balbu nyingine za namna hiyohiyo zilizobaki na lebo zao hukamilisha kile ambacho macho hayawezi kuthibitisha. Kwa sababu hiyo mahali balbu ilipopatikana huandikwa, na holda yake hupigwa picha, kabla ya kuitoa.

Nakala za kisasa

Tangu balbu za mtindo wa zamani zilipopendwa tena katika hoteli na mikahawa, nakala nyingi zimetengenezwa. Baadhi zina ncha juu ya kioo kama za zamani. Hata hivyo uzi wake kwa kawaida ni waya mmoja mrefu wa tungsteni, waya katika kioo ni wekundu, na kitako ni kipya chenye kizuizi cha kioo cheusi au plastiki. Nakala za LED zinatambulika kwa urahisi zaidi: ndani yake mna vijiti vilivyonyooka au vilivyopindwa vyenye rangi ya manjano hata vikiwa vimezimwa. Ncha pekee isimdanganye mchunguzi. Kwa kanuni ileile ya awali, waya mwekundu ndani ya kioo unatosha kuonyesha kwamba balbu iliyo na umbo la mwaka 1890 haikutengenezwa mwaka huo.